Kabla na Baada: Picha Zilizodanganya Watu Miaka Mingi Kabla ya Tatuu ya Nywele

Tukuyu asubuhi ni mji wa ukungu. Mvua inayonyesha hapa kwa mwaka inapita milimita 2,000, na kuna siku Mlima Rungwe hauonekani kabisa. Lakini ingia kwenye saluni ya kiume pale mjini, utakuta mwanga mwingine: taa nyeupe juu ya kioo, taa ya duara pembeni, na simu tayari mkononi. Kinyozi anamalizia kunyoa, anapitisha piko kwenye mstari wa mbele mpaka unaonekana kama umepigwa na rula. "Geuka kidogo, bro." Picha inapigwa. Baada ya dakika mbili zipo picha mbili zilizounganishwa, kushoto KABLA, kulia BAADA, na laiki zinaanza kumiminika.

Kwa piko, hasara si kubwa sana. Ukiosha kichwa mara kadhaa inaondoka, uwaraza unarudi ulipokuwa, maisha yanaendelea. (Ila ukiona kichwa kinawasha au kinavimba, acha mara moja. Rangi nyingi nyeusi za nywele zina kemikali inayoitwa PPD, na kuna ngozi zinaikataa vibaya.)

Ishu ni pale mshkaji anapochoka na piko na kuanza kutafuta kitu cha kudumu. Anaingia mtandaoni, anakutana na tatuu ya nywele: fundi anadunga vitone vidogo vidogo vya wino kwenye ngozi ya kichwa, na kwa mbali kipara kinaonekana kama nywele zilizonyolewa jana. Kwa kijana wa Tukuyu, Kiwira au Ushirika ambaye uwaraza ulimvamia akiwa na miaka 24, hiyo ni habari njema kweli kweli.

Sasa jiulize, anaamua kwa kuangalia nini? Mara nyingi hana rafiki aliyefanyiwa, ambaye angeweza kumsimamisha nje mchana na kumkagua kichwa. Anachoangalia ni zile picha mbili tu. Zikiwa za uongo, wino ukishaingia, hakuna sabuni ya kuutoa.

Na huu mchezo wa picha mbili haukuzaliwa Instagram. Una zaidi ya miaka 150, na ndani yake kuna watu wengi ambao sura zao zilizunguka dunia bila wao kuulizwa.

LONDON: MTOTO ALIYEVALISHWA UMASKINI

Miaka ya 1870, London ilikuwa na mtu maarufu kwa kusaidia watoto wa mitaani, Thomas Barnardo. Mwaka 1874 kituo chake kilianza kuwa na idara ya picha. Kila mtoto aliyepokelewa alipigwa picha, na nyingine zikatengenezwa kuwa kadi za jozi: huku mtoto mchafu na nguo zimechanika, huku mtoto huyohuyo msafi, ana kazi mkononi. Watu walinunua kadi, wakaguswa, wakachangia.

Shida ni kwamba baadhi ya zile picha za "kabla" zilipangwa. Mama mmoja alilalamika kuwa binti yake mdogo alipigwa picha akiwa pekupeku, kama mtoto anayeuza magazeti barabarani, wakati hakuwahi kufanya biashara hiyo. Mwaka 1877 mambo yalifika mbele ya wasuluhishi. Barnardo alisafishwa kwa tuhuma nyingi kati ya zile alizobebeshwa, lakini kwenye picha hakupona. Wasuluhishi walisema ule ulikuwa ubunifu wa kisanii, na mwenendo huo haukubaliki.

Utetezi wake ndio wa kushika. Alisema picha ile haikumwakilisha binti mmoja, iliwakilisha watoto wa aina ile. Yaani kwa lugha ya leo: "Picha ni ya mfano tu." Umeshaiona hiyo sentensi chini ya matangazo mangapi?

Cha pili cha kushika: uongo haukuwa kwenye "baada". Mtoto kweli aliogeshwa, kweli alilishwa. Uongo ulikuwa kwenye "kabla". Ukitaka kazi yako ionekane ya maajabu, si lazima uboreshe mwisho. Unaharibu mwanzo.

MAREKANI: MWANGA ULIOBADILISHA NGOZI

Mwaka 1882 kijana wa kabila la Wanavajo, Tom Torlino, alifika kwenye shule ya Carlisle huko Pennsylvania. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1879 kwa lengo la wazi la kuwafuta watoto wa wenyeji wa Marekani utamaduni wao na kuwafanya wafanane na Wazungu. Mpiga picha John Choate alimpiga Torlino alipofika, nywele ndefu, hereni, shanga shingoni. Mwaka 1885 akapigwa tena, nywele fupi, suti, tai. Picha hizo mbili zikawa tangazo la shule.

Ziangalie vizuri leo utaona jambo. Sio nguo na nywele tu zilizobadilika. Ngozi ya kijana inaonekana nyeupe zaidi kwenye picha ya pili, na wanaochunguza picha za zamani wanaeleza kuwa mwanga na namna ya upigaji vilichangia hilo kwa kiasi kikubwa. Hakukuwa na filta wala programu ya simu, na ngozi ya mtu "ilibadilika" bila kuguswa.

Vifaa vyenyewe navyo vilikuwa na upendeleo. Sahani za picha za wakati ule zilishika vizuri rangi ya bluu na kushika vibaya wekundu, kwa hiyo ngozi ya kahawia yenye wekundu ilitoka nyeusi kuliko ilivyo. Mpiga picha aliyejua hilo angeweza kumfanya mtu aonekane anavyotaka yeye, kwa kucheza na taa na muda wa kufungua kamera.

RUNGWE: VICHWA VILIPIMWA HAPAHAPA

Usidhani hayo yalikuwa ya mbali. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walifika na kuanzisha kituo chini ya Mlima Rungwe, na Waberlini nao wakaingia nchi ya Wanyakyusa mwaka huohuo. Walikuja na Biblia, mbegu, dawa, na baada ya muda kamera. Picha za Wamoravian kutoka Rungwe, Rutenganyo, Ipyana na vituo vingine zipo hadi leo kwenye hifadhi yao huko Herrnhut, Ujerumani, na nyingi zinaonekana mtandaoni. Enzi hizo magazeti ya misheni huko Ulaya na Marekani yalipenda sana picha za jozi: mtu kabla ya kuongoka na mtu baada ya kuongoka, ngozi na vitambaa vya magome upande huu, shati jeupe upande ule. Msomaji wa mbali aliona picha mbili, akafungua pochi.

Halafu ikaja kamera ya aina nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1890 daktari wa jeshi la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, alizunguka nchi za kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Huyu hakuwa anatafuta michango, alikuwa anapima. Alipima miili na vichwa vya watu na kupiga picha, mbele na ubavuni, kwa utaratibu uleule. Mwaka 1902 alichapa kazi yake ya vipimo, na mwaka 1906 kikatoka kitabu kikubwa cha nchi za Nyasa na Ruvuma pamoja na mkusanyo wake wa picha. Wanyakyusa humo wanaitwa Wakonde, jina ambalo Wajerumani walilitumia.

Hapa ndipo mambo yanapokaa vibaya kidogo, kwa sababu kiufundi picha za vipimo za enzi hizo zilikuwa safi kuliko zile za London. Umbali uleule, pande zilezile, mtu ametulia, hakuna kupamba. Mtaalamu wa tatuu ya kichwa leo akiambiwa apige picha za kweli, ataambiwa afanye karibu hivyohivyo.

Lakini kulikuwa na pengo kubwa. Mara nyingi kwenye picha za aina hii mtu aliandikiwa kabila, hakuandikiwa jina. Alikuwa chini ya dola iliyokuwa na bunduki na boma, boma ambalo mwanzoni mwa miaka ya 1900 lilihamia hapahapa Tukuyu, mji walioubatiza Neu-Langenburg. Ungemwambia vipi daktari wa jeshi kwamba hutaki kupigwa picha ya kichwa?

Kwa hiyo Rungwe imerithi aina mbili za picha zenye kasoro tofauti. Moja inasimulia hadithi nzuri lakini haina kipimo. Nyingine ina kipimo lakini haina ridhaa. Picha ya kabla na baada ya kuaminika inahitaji vyote viwili kwa pamoja.

HOSPITALI ILIYOONYESHA KATIKATI

Wapo waliokaribia kupatia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, vita ambayo hata huku Rungwe ilipiganwa, askari waliovunjwa nyuso walipelekwa kwa daktari Harold Gillies kwenye hospitali ya Queen's, Sidcup, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1917. Mwaka 1920 Gillies alichapa kitabu cha upasuaji wa uso chenye picha nyingi za wagonjwa wake.

Tofauti yake na kadi za London ni kwamba hakuruka kutoka mwanzo hadi mwisho. Anaonyesha uso ulivyofika, unavyotisha katikati ya matibabu, nyama zimehamishwa, mishono iko wazi, halafu mwisho, ambao mara nyingi si mzuri wa kupendeza, ila ni bora kuliko mwanzo. Kile kipande cha katikati ndicho ambacho tangazo huwa linakikata.

Na kwenye tatuu ya nywele, katikati ndiyo kila kitu. Utaona sababu hivi punde.

PWANI WALIREMBA, HAKUNA ALIYELIZWA

Mtu anaweza kusema, basi kila picha iliyorembwa ni utapeli. Hapana. Wapiga picha wa Zanzibar na Mombasa waliremba tangu zamani. Walichora kwa penseli juu ya negativu kufuta makunyanzi, walipaka rangi picha nyeusi na nyeupe kwa mkono, walimsimamisha mteja mbele ya pazia la bustani au jumba ambalo hajawahi kulikanyaga. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, ni moja ya nyumba za picha zilizohifadhi sura za visiwa kwa miongo mingi.

Hakuna aliyeibiwa pale. Mteja alijua pazia ni pazia. Jirani aliyeonyeshwa picha naye alijua. Ilikuwa picha ya kumbukumbu, ya kutuma kwa mchumba, ya kutundika sebuleni.

Picha ya kabla na baada ni kesi nyingine. Hiyo haikwambii "nimependeza". Inakwambia "hiki kimetokea, na kwako kitatokea". Ni ushahidi. Ndiyo maana filta kwenye picha yako ya sikukuu ni starehe yako, na filta ileile kwenye tangazo la huduma ya mwili ni uongo wa kibiashara.

WINO UNAPOINGIA KICHWANI

Kutia wino kwenye ngozi ya kichwa ili kuficha makovu na upungufu wa nywele si jambo la jana. Mwaka 2001 jarida la madaktari wa ngozi la Dermatologic Surgery lilichapisha makala ya daktari Traquina kuhusu njia hiyo kama msaada kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kichwa. Miaka ya 2000 ikawa biashara ya kliniki Uingereza na Marekani. Oktoba 2010 ikaja Instagram, na picha ya jozi ikapata nyumba iliyoifaa kuliko kadi yoyote ya London.

Sasa angalia kazi yenyewe. Kwa kawaida hufanywa kwa vikao viwili, vitatu au zaidi. Siku ya kikao, vitone vinaonekana vyeusi sana na vikubwa kuliko vitakavyobaki, ngozi ikiwa imechokozwa. Siku zinazofuata kunakuwa na vigaga. Wiki zinavyokwenda rangi inapungua, na baada ya mwezi hivi ndipo unaona ulichopata kweli. Baada ya miaka kadhaa wino unafifia zaidi na unahitaji kurudiwa. Sindano ikizama sana, vitone vinasambaa chini ya ngozi na kuwa madoa, na wino mweusi unaweza kugeuka kuwa wa bluu-bluu. Na ngozi nyeusi ina hatari kubwa zaidi ya kuota makovu yaliyovimba, yale yanayoitwa keloidi, kwa hiyo mwenye historia hiyo anatakiwa kuonana na daktari wa ngozi kwanza.

Sasa linganisha na posti nyingi. "Baada" imepigwa dakika kumi baada ya sindano kuzimwa, wakati rangi iko kileleni. Hiyo siyo baada. Hiyo ni katikati, ile ambayo Gillies aliionyesha bila aibu na tangazo linaiita mwisho.

Na "kabla" nayo inaharibiwa kama enzi za Barnardo. Mbinu zinajulikana:

Nywele za kabla zimeachwa zikue na kuloweshwa, ili ngozi ionekane katikati yake. Za baada zimenyolewa fresh, na kunyoa peke yake kunapunguza tofauti kati ya palipo na nywele na pasipo nazo.

Kabla imepigwa chini ya taa ya juu ya utosi, kichwa kinang'aa kwa jasho au mafuta. Baada imepigwa kwenye mwanga laini wa pembeni, kichwa kimepakwa poda ya kuua mng'ao.

Kabla kichwa kimeinamishwa mpaka kipara chote kinaonekana, uso umekunjwa. Baada kichwa kimeinuliwa, jamaa anatabasamu, na simu imesogezwa mbali.

Halafu ile modi ya kulainisha ngozi ambayo simu nyingi za bei poa huja nayo ikiwa imewashwa. Hapo fundi anaweza hata asijue kwamba picha yake imeshadanganya.

Serikali za nje zimeanza kubana. Tangu Oktoba 2017 Ufaransa inadai picha ya kibiashara iliyobadilisha umbo la mwanamitindo iandikwe kuwa imehaririwa. Norway ilifuata Julai 2022 kwa kudai alama kwenye matangazo yaliyochezea mwili wa mtu. Mwaka 2021 mamlaka ya matangazo ya Uingereza iliwaonya watu maarufu wasitumie filta zinazotia chumvi matokeo ya vipodozi. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na haijasema picha haihesabiki.

KICHWA NI CHA NANI?

Upande wa pili wa uongo huu ni mtu aliye ndani ya picha. Tukuyu si Dar. Ukiwekwa kwenye posti ya kipara leo jioni, kesho asubuhi muuza ndizi wa sokoni amekwishaiona, mjomba wa Kyela ameitumiwa, na wale uliosoma nao wameshakupa jina jipya. Mtu alikwenda kuficha uwaraza wake kimyakimya, sasa ndiye anayejulikana kwa uwaraza.

Wapo wanaokubali picha kwa sababu wameambiwa watapunguziwa bei. Wapo ambao hawakuulizwa kabisa, simu ilikuwa juu tu. Na wapo ambao picha zao zimechukuliwa na saluni nyingine kabisa, mkoa mwingine, zikatangaza kazi isiyo yao. Wanarudi kuwa kama wale watu wa vitabu vya Wajerumani: kichwa kipo, jina hakuna, na mwenye nacho hana sauti.

Tofauti ya leo ni kwamba sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inalinda taarifa zinazomtambulisha mtu, na uso wako unakutambulisha. Una haki ya kuuliza picha inakwenda wapi, na una haki ya kukataa. Ukikubali kwa sharti kwamba uso usionekane, hilo ni sharti la kuandikwa kwenye meseji, lisiishie kwenye "usijali bro".

Fundi mkweli hapotezi chochote kwa hili. Anampiga mteja akiwa amenyolewa kabla na baada, sehemu ileile, umbali uleule, simu ileile, filta imezimwa. Anaandika tarehe. Anaposti ya siku ileile akisema ni ya siku ileile, halafu anamwomba mteja arudi baada ya wiki sita, na tena baada ya mwaka. Picha ya mwaka mmoja haitakuwa kali kama ya siku ya kwanza, na laiki zitapungua. Lakini atakayekuja kwa kuona hiyo hatarudi kulalamika.

Na wewe unayetaka kufanyiwa, omba picha hiyo ya mwaka mmoja kabla hujalipa chochote. Hana? Basi omba kuonana na mteja wake mmoja uso kwa uso, mchana. Mkutane nje ya saluni, mbali na ile taa ya duara. Ukungu wa Tukuyu unatoa mwanga laini unaotoka kila upande, hauna kivuli cha kuficha wala mng'ao wa kupaisha. Mwambie "ugonile", mwombe avue kofia, kisha angalia.